Kulipa Usikivu na Kutega Sikio



Katika lugha ya Kiingereza pana msemo mmoja ambao watoto wetu wa Mpanda huusikia tangu siku ya kwanza waanzapo somo hilo. Mwalimu husimama mbele, hugonga ubao kwa chaki, kisha husema, "Pay attention!" Watoto wote hukaa kimya. Kwa sauti yake na kwa macho yake wamekwisha kufahamu kwamba maana yake ni "Sikilizeni," wala hawaulizi zaidi. Lakini msemo huu una mambo ndani yake, na mwezi huu tumeona yafaa tuufungue, tuuweke kando ya msemo wetu wa Kiswahili, tuone kila mmoja wafundisha nini. Maana neno huongoza mkono wa alitumiaye. Na mahali pengine, kama tutakavyoonyesha, neno lisilofikiriwa limempiga fimbo mtoto asiye na hatia.

Kwanza maana yake. Neno la mbele katika msemo huo ni kulipa, lile lile litumikalo dukani mtu anunuapo chumvi au sabuni. Neno la pili ni usikivu, au uangalifu, au makini; Kiswahili hakina neno moja la kulitosha, kwa sababu Mwingereza hulitumia kwa sikio, na kwa jicho, na kwa moyo pamoja. Basi ukiufasiri msemo neno kwa neno, utapata "Lipa usikivu." Kijana mmoja tuliyekuwa tukimsaidia masomo yake ya jioni alituuliza, "Mwalimu, hulipwa nani, na kwa kiasi gani?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana aliuliza vema.

Jibu ni hili. Waingereza hutumia neno la kulipa kwa mambo mengi yasiyo na fedha. Mtu akienda kumtazama rafiki yake nyumbani, huweza kusema kwamba amelipa matembezi. Akimpa mkubwa heshima yake, amelipa heshima. Akimsifu mwenzake, amelipa sifa. Katika hayo yote pana wazo moja, kwamba mwenzako ana haki kwako, nawe wamtolea iliyo haki yake. Neno lenyewe lilitoka katika Kifaransa cha zamani, nacho kililipata katika Kilatini, ambako maana yake ya kwanza ilikuwa kutuliza, kufanya amani. Kwa kuwa alipaye deni humtuliza mdai wake. Ndipo tuonapo kwamba usikivu, kwa fikira za msemo huu, ni deni. Asemaye ni mdai, na asikilizaye ni mdaiwa.

Yafaa vijana wajue na matumizi yake, wasije wakaona haya mbele za watu. Msemo huu ukitolewa kama amri, ni karipio. Mwalimu aweza kuwaambia wanafunzi, na mama aweza kumwambia mwanawe, lakini kijana asimwambie mzee wala mgeni. Atahesabiwa kuwa hana adabu. Mwingereza atakapo watu wazima wamsikilize, huomba kwa upole, husema kwamba angependa kupata usikivu wao. Lakini msemo huo huo ukisemwa kwa habari ya mtu mwingine hauna ubaya: waweza kusema kwamba mkulima fulani hulipa usikivu mwingi kwa mbegu zake, na hiyo ni sifa njema. Tena wanao msemo mwingine, wa kuazima sikio, uliopata sifa nyingi kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar, ile aliyoitafsiri Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1963. Huo ni mpole kuliko wa kwanza, maana kiazimwacho hurudi kwa mwenyewe.

Sasa tuutazame wetu. Kiswahili husema kutega sikio, nasi kwa neno hilo twatoka dukani tukaingia porini. Kutega ni kazi ya mwindaji. Huchagua njia ipitwayo na mnyama, hukunja kijiti, hufunga kamba, kisha hukaa kimya. Hawezi kumlazimisha mnyama aje, lakini akija hamkosi. Neno hilo twalitumia na nyumbani pia. Mvua ikinyesha, mama hutega ndoo chini ya ukingo wa paa, akayapata maji ambayo jirani yake aliyelala ameyakosa. Mtoto akichoka njiani, dada yake humtegea mgongo apande. Na jioni watu wakikaa karibu na moto, mmoja husema, "Kitendawili!" nao wengine hujibu, "Tega!" ndiyo kusema, utege huo mtego wako, nasi tu tayari. Tangu hapo kila mmoja naye ametega sikio lake, ili ainase maana kabla haijampita.

Katika mifano hiyo yote mna mambo matatu: kuelekea mahali hasa kitu kitakapotoka, kuwa tayari kabla hakijafika, na kuvumilia mpaka kifike. Atakaye kusikiliza hana budi kuwa nayo yote matatu. Aliyeelekea lakini hana subira hukatiza maneno ya mwenzake katikati. Mwenye subira lakini hakuelekea huketi kimya huku moyo wake u mbali, nasi twasema maneno yameingia sikio hili yakatokea la pili. Tena tusisahau kwamba neno hili lina upande wake mbaya. Mvivu mwenye hila hutegea kazi, na jirani asiye na haya hutega sikio dirishani mwa watu usiku. Wazee walisema, sikio halilali na njaa. Basi ni juu ya kila mtu kulichagulia sikio lake chakula.

Na jambo la kupendeza ni kwamba lugha hizi mbili, ukizifuata mpaka kwenye mizizi, zakutana. Lile neno la pili la Waingereza, la usikivu, limetoka nalo katika Kilatini, na maana yake ya asili ni kunyosha kitu kuelekea kitu kingine, kama mtu anyoshavyo shingo ili asikie vema. Basi Warumi wa kale nao waliona kama sisi, kwamba moyo wa mtu ni kitu cha kuelekezwa.

Watu wa Katavi waweza kulifahamu jambo hili upesi kuliko wengi, kwa sababu ya asali. Pande za Inyonga na Mpanda, Wakonongo na wenzao wametundika mizinga katika miombo tangu enzi za mababu. Mrina asali aliyezoea hukaribia mzinga polepole, akasikiliza mvumo, akajua kama nyuki wamo. Lakini mwalimu mkubwa wa kutega sikio ni ndege mdogo aitwaye mlembe. Ndege huyu hupenda nta na majana, yaani watoto wa nyuki, lakini hana nguvu ya kupasua mti wala dawa ya kuwatuliza nyuki. Basi humwendea mtu, hulia mbele yake kama mwenye haraka, huruka mti hata mti, hungoja, hulia tena, mpaka amfikishe penye nyuki wa mwitu. Mtu huwafukiza nyuki kwa moshi, huchukua asali, naye humwachia ndege masega yenye nta.

Wataalamu wameyachunguza mapatano haya. Mwaka 2016 walitangaza habari za Wayao wa Niassa, kaskazini ya Msumbiji, ambao wana mlio wao maalumu wa kumwita ndege huyo. Mtu aliyetembea akitoa mlio huo aliongozwa na ndege mara 66 katika 100. Aliyetoa sauti nyingine aliongozwa mara 33 tu. Mwaka 2023 wakaongeza habari za Wahadza wa karibu na ziwa Eyasi, hapa kwetu Tanzania, ambao huita kwa mluzi wao. Ndege wa huko waliuitikia mluzi wa Wahadza zaidi ya mara tatu kuliko walivyouitikia mlio wa Wayao. Basi ndege naye ametega sikio, tena amejifunza lugha ya jirani zake! Kila mmoja humwelekea mwenziwe, na asali hupatikana kwa kuwa wamesikilizana. Tazameni uzuri wa neno hilo: kwetu sisi, watu waliosikilizana ni watu waliopatana.

Twaja sasa kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Katika kijiji kimoja, ambacho hatukitaji, alikuwako mtoto wa darasa la tatu, yatima wa baba, aliyelelewa na bibi yake. Mwalimu wake alisema daima kwamba mtoto huyu hasikilizi. Akiulizwa hili, hujibu lile. Akitumwa chaki, huleta kifutio. Mwalimu alikuwa ameujua ule msemo wa Waingereza, naye aliupenda, akawa akimwambia mbele ya wenzake, "Lipa! Lipa usikivu!" Na mtoto asipolipa, alilipishwa kwa fimbo. Mwisho mtoto akaacha shule, akawa akishinda na mbuzi.

Jioni moja bibi yake alikuja kwetu. Tulimwamkia, tukampa kigoda, akakaa kitambo bila kusema neno. Kisha akasema, "Mwanangu, mjukuu wangu si mkaidi. Nikimwita kwa upande wa kuume, huja mbio. Nikimwita kwa upande wa kushoto, hajui kama nipo. Na asubuhi nguo anayolalia ina doa, tena inanuka."

Tukamwuliza, "Bibi, umemwambia mwalimu?"

Akajibu, "Mimi sijui kusoma. Nitamwambia nini mtu wa vitabu?"

Wasomaji wetu, bibi huyu hajui kusoma kweli. Lakini alikuwa ametega macho, na pua, na sikio lake kwa mjukuu wake, akakiona kisichoonwa na mwenye daftari la mahudhurio. Kesho yake tulifuatana nao mpaka zahanati. Mganga akamtazama mtoto kwa taa, akakuta sikio la kushoto limejaa usaha, na ngoma yake imetoboka. Ugonjwa ulianza zamani, baada ya mafua mabaya, wala haukutibiwa. Alipewa dawa ya matone, na bibi akafundishwa kulikausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, na kumzuia mtoto asipige mbizi mtoni.

Kisha tulikwenda shuleni, bibi akitangulia. Hatukwenda kumshitaki mtu. Tulimwomba mwalimu mambo mawili tu: amketishe mtoto dawati la mbele, mahali ambapo sikio lake zima litamwelekea, tena asiseme naye huku ameugeukia ubao. Mwalimu alitazama chini kitambo kirefu. Halafu akasema, "Bibi, mlete kesho."

Hatuwaambii kwamba mtoto huyo akawa wa kwanza darasani. Akawa wa katikati, kama walivyo watoto wengi. Lakini alirudi shuleni, na siku moja tulipokuwa tukipita nje ya dirisha tulimsikia akiitikia pamoja na wenzake kwa sauti kuu, "Tega!"

Je, twajifunza nini? Afikiriye kwa njia ya duka humwona mtoto asiyejibu, naye huhukumu upesi: fedha anazo, ila hataki kulipa. Afikiriye kwa njia ya mtego huona mtego usionasa, naye huuliza: je, kamba imekatika? Je, umetegwa upande gani? Hajapata kuonekana mwindaji aupigaye fimbo mtego wake. Huinama akautazama.

Na jambo hili si la kijiji kimoja. Shirika la Afya Duniani husema kwamba upungufu wa kusikia kwa watoto, karibu mara 60 katika kila 100, hutokana na sababu ziwezazo kuzuiwa. Miongoni mwake ni surua, homa ya uti wa mgongo, na masikio yatokayo usaha yasipotibiwa. Kwa hiyo mzazi akimwona mtoto ageuzaye kichwa upande mmoja kila aitwapo, au atazamaye sana midomo ya watu, au asemaye kwa sauti kubwa kupita wenzake, asimwite mkaidi kabla hajampeleka kwa mganga. Wala msimtie sikioni mafuta ya taa, wala maji ya majani, wala unyoya wa kuku. Mengi ya hayo huongeza madhara.

Katika mkoa wetu tunao mfano wa zamani wa mtu aliyekuja kuishi kwa kusikiliza wageni. Huko Karema, kando ya ziwa Tanganyika, aliishi Adrien Atiman, mtu wa Afrika ya magharibi. Alitekwa utumwani angali mtoto katika pande za mto Niger, akakombolewa, akasomeshwa uganga huko Malta, akafika Karema mwaka 1889. Hapo aliwatibu watu na kuwafundisha mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakuzaliwa ziwani, watu wa huko na maneno yao aliwakuta ukubwani. Nasi twajua kwamba kazi ya mganga huanza na sikio kabla ya chupa ya dawa. Ndiyo maana kile kipimo kining'iniacho shingoni mwa mganga ni chombo cha kusikilizia. Kilianza Ufaransa mwaka 1816, Laennec alipokunja karatasi, akaiweka kifuani mwa mgonjwa, akausikia moyo ukipiga.

Na leo katika Katavi yetu, mkoa uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, wamo Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe zao. Tena wamo watu wa asili ya Burundi, waliofika Katumba baada ya vita vya kwao vya mwaka 1972, na wengine Mishamo. Wengi wetu Kiswahili ni lugha yetu ya pili. Asemaye lugha ya pili hutafuta neno, husimama katikati, huanza tena. Ukimkatiza hapo umelikosa lile alilotaka kukuambia, nalo pengine ni la mpaka wa shamba, au la ugonjwa wa mtoto.

Lakini tusiudharau msemo wa Waingereza, kwa sababu siku hizi umekuwa kweli kuliko walivyodhani wenyewe. Mwaka 1971 Mmarekani Herbert Simon, aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alionyesha kwamba habari zikizidi wingi, kitakachokuwa haba ni usikivu wa watu. Tazameni simu iliyo mkononi mwa kijana. Mengi yaliyomo huitwa ya bure, lakini wenye matangazo huwalipa wenye makampuni kwa kuwa macho yetu yanakaa hapo. Basi twalipa kweli, saa baada ya saa, wala haturudishiwi chenji. Baba aliyeketi mezani na simu mkononi, huku mwanawe akimweleza habari za shule, amekwisha kulipa kwingine. Mwanawe hupata senti zilizobaki. Kwa jambo hili msemo wa kigeni wafaa sana. Yafaa kila mtu ajiulize kabla ya kulala: leo nimemlipa nani, na nani nimebaki na deni lake?

Tumalize kwa shauri letu, nalo ni fupi.

La kwanza ni kwa vijana wasomao Kiingereza. Jifunzeni msemo huu, muutumie mahali pake, wala msimwamuru nao aliyewazidi umri.

La pili ni kwa walimu na wazazi. Kabla hamjadai, tazameni. Pengine yule mnayemdai hana cha kulipia, kwa kuwa sikio lake ni gonjwa, au tumbo lake ni tupu, au usiku hakulala kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Wazee husema, sikio la kufa halisikii dawa. Ni kweli. Lakini si kila sikio lisilosikia ni la kufa. Mengine hungoja dawa tu.

La tatu ni kwa wakubwa wote, wa nyumba, wa kijiji na wa kazi. Tumezoea kuwaambia wadogo watutegee sikio, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini yule bibi angalinyamaza siku moja zaidi kwa kudhani hatasikilizwa, mtoto wake angalikuwa porini na mbuzi hata leo. Basi mkubwa naye na atege lake, na mlango wake usiwe mzito kwa asiyejua kusoma.

Kaeni salama, nanyi wasalimuni wote walio nyumbani.